Kwa Nini Injini Zinazofufuliwa Dodoma Hazidumu

Muulize mwenye Land Cruiser, Canter au Noah mjini Dodoma kwa nini injini yake, iliyofanyiwa ovahoo mwaka juzi tu, imeanza tena kula oili na kutoa moshi wa bluu. Atakujibu moja kati ya matatu: fundi alikuwa kanjanja, spea zilikuwa feki, au waliochonga bloku waliiharibu. Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila moja linamtafuta mtu wa kulaumiwa, na hakuna hata moja linaloeleza silinda ilikula wapi, kwa kiasi gani, na kwa sababu gani.

Swali hili halihusu gereji moja. Kwenye uwanda wa kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida, kuna malori ya mahindi ya Kibaigwa, daladala, magari ya serikali yaliyouzwa kwa mnada, pampu za kumwagilia zabibu, pawatila za mpunga wa Bahi na mashine za kusaga vijijini. Zote siku moja zitashushwa injini. Maoni yangu ni kwamba mashine za kuchongea zilizopo mjini zinatosha kwa kazi nyingi. Kinachoua kazi ni vipimo ambavyo havikuchukuliwa na uchafu ambao haukuoshwa, na huku kwetu makosa hayo mawili hulipiwa mapema kuliko Pwani.

Kongwa iliwahi kuonyesha hivyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga uliolenga ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika, na Kongwa ndiyo ikawa mahali pa kuanzia. Matrekta na mabuldoza mengi yalikuwa mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, mengine yakitoka kwenye bohari za jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vickers-Armstrongs iligeuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kabla mwaka huo wa kwanza haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala. Mradi ulifutwa 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Wengi wanakumbuka mvua iliyokosekana na udongo uliokauka ukagoma kulimika. Mimi nakumbuka zaidi kwamba mashine zilizokwisha kuchoka zilipelekwa kwenye udongo unaosaga chuma, huku spea na karakana zikifuata nyuma kwa kuchelewa.

Udongo huo haujabadilika. Mji wa Dodoma umezungukwa na miamba ya graniti, na graniti ikimomonyoka huacha kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi iko 7, juu ya chuma cha bloku. Sasa fikiria injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta hewa inayokaribia lita 4,000 kila dakika. Akitoka Dodoma kwenda Iringa au Babati dereva anapita kwenye lami tangu barabara hizo zilipozinduliwa 2018, lakini akiacha barabara kuu kuingia kijijini injini inamezeshwa vumbi saa nzima, na kinga pekee ni filta ya karatasi.

Na filta hiyo ndiyo inayoonewa kuliko kifaa chochote kwenye gari. Inapulizwa kwa kompresa kila Jumamosi, inagongwagongwa kwenye tairi, inarudishwa. Upepo wa kompresa hupasua karatasi mahali ambapo jicho halioni. Njia rahisi ya kuikagua ni kuingiza tochi ndani yake gizani: ukiona nukta ya mwanga mkali, itupe. Halafu toa bomba la hewa linalotoka kwenye filta kwenda injini, pitisha kidole ndani. Bomba hilo linatakiwa liwe safi kabisa. Kidole kikitoka na vumbi, basi hewa inaingia kwa njia ya panya, kwenye klipu iliyolegea au mpira uliochanika, na kununua ringi mpya kabla ya kuziba hapo ni kutupa pesa.

Ndiyo maana fundi mzuri huisoma injini kabla hajaipeleka kuchongwa. Ringi ya juu ikiwa imekwisha zaidi ya nyingine, na silinda imelika sana karibu na kilele, uchafu ulipitia kwenye hewa. Beringi zikiwa zimekwaruzwa na ringi za oili zimekwisha huku juu kukiwa na nafuu, uchafu ulikuwa kwenye oili yenyewe. Pistoni ikiwa na michubuko upande mmoja, pengine injini ilichemsha. Vyuma hivi vikishatupwa kwenye ndoo moja na kuoshwa vyote pamoja, ushahidi umepotea. Viweke kwa mpangilio, silinda ya 1 hadi ya mwisho, na upige picha kwa simu.

Hapo ndipo vipimo vinapoanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mtu kujua.

Silinda ya 1HZ ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 94. Tuseme umeipima kwa geji ya silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu kwa pande mbili, sambamba na krenki na kuikata krenki. Juu, kwa upande unaoikata krenki, unapata 94.19. Katikati 94.08. Chini 94.02. Fundi mwenye haraka ataangalia 0.19 na kusema pistoni za oversaizi ya 0.25 zinatosha, kwa kuwa 0.25 ni kubwa kuliko 0.19. Hesabu hiyo ina mtego. Silinda hailiki sawasawa pande zote. Mara nyingi upande mmoja, ule ambao pistoni huusukuma wakati wa kufanya kazi, ndio unaoliwa zaidi. Ikiwa sehemu kubwa ya ile 0.19 iko upande mmoja, basi kisu cha mashine, kinachozunguka kwenye kitovu cha zamani, kitaondoa 0.125 tu kila upande kwa oversaizi ya 0.25. Kitabaki kivuli, yaani sehemu ambayo kisu hakikuigusa. Injini ikifungwa na kivuli hicho, ringi haziwezi kukaa, oili inapanda, na mwenye gari atarudi akisema pistoni zilikuwa feki. Silinda kama hiyo inataka 0.50. Kuhamisha kitovu ili 0.25 itoshe ni kuhamisha silinda kutoka mahali ilipopangwa juu ya krenki, na mkerezaji anayeheshimu kazi yake hatakubali.

Mafundi wa zamani bado wanahesabu saizi hizi kwa inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, wakimaanisha sehemu za elfu. Hakuna ubaya, mradi wote wawili, anayenunua pistoni na anayechonga, wanahesabu kwa lugha moja. Ishirini ya inchi ni milimita 0.508, na 0.50 ni 0.50, tofauti inayokaribia sehemu moja ya mia ya milimita inaonekana ndogo hadi utakapokumbuka kwamba nafasi yote kati ya pistoni na silinda huhesabiwa kwa sehemu chache tu za mia.

Kutokana na hilo, bloku isichongwe kabla pistoni hazijafika mezani kwa mkerezaji. Kwa Dodoma hili ni gumu, kwa sababu pistoni mara nyingi zinaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi, na mwenye gari anataka kazi zote mbili ziende pamoja ili kuokoa siku. Lakini pistoni mbili zenye maandishi yaleyale kwenye boksi zinaweza kutofautiana, hasa zikiwa za viwanda tofauti. Kila pistoni hupimwa kwenye sketi yake, kwa upande unaoikata pini, kwenye urefu ambao mtengenezaji ametaja, inapewa namba, na silinda yake inachongwa kuifuata. Kisu huacha kama 0.05 hadi 0.08 ya milimita, iliyobaki inamalizwa kwa mawe ya honi, yaani mawe ya kusugulia silinda.

Joto nalo lina neno. Vipimo vya vyuma duniani kote vinasomwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mchana wa Novemba Dodoma unafika 30 na zaidi, na pistoni iliyoachwa kwenye kiti cha mbele cha gari juani ni ya moto kuliko hapo. Pistoni ni aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Kwa kipenyo cha milimita 94, nyuzi 10 za joto zinatanua bloku kwa sehemu moja ya mia na pistoni kwa karibu mbili. Ukipima pistoni ya moto na bloku ya baridi umeongeza nafasi uliyokuwa unaitafuta bila kujua; ukifanya kinyume umeiiba. Dawa yake haina gharama: weka bloku, pistoni na maikromita kwenye chumba kimoja usiku kucha, upime asubuhi kabla ya bati kupata moto.

Baada ya honi silinda inatakiwa iwe na mistari inayokatana, ikiwa imelala kwa pembe inayokaribia nyuzi 45, ili ibebe oili. Mistari hiyo ndiyo inayozoesha ringi, na ndiyo pia inayoficha unga wa mawe. Watu wengi huiosha kwa petroli au dizeli. Petroli inaondoa mafuta na kuuacha unga ukiwa umekaa palepale kwenye mistari, na injini inapowaka unga huo unaanza kusaga ringi mpya, beringi mpya na krenki iliyosagwa jana. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, ukisugua silinda moja baada ya nyingine kisha kurudia tena. Halafu chukua kitambaa cheupe cha pamba kilicholowa oili nyepesi, futa ndani ya silinda, uangalie. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudi kwenye sabuni. Kinapotoka cheupe, kausha kwa kompresa na upake oili papo hapo, kwa maana chuma kilichotoka kuchongwa hushika kutu ndani ya dakika chache. Njia za oili ndani ya bloku na krenki nazo zifunguliwe plagi zake na kusuguliwa kwa brashi ndefu. Kupuliza tu hakutoshi. Nimeona bloku iliyochongwa vizuri ikikaa nje ya gereji mchana mzima wa Agosti, mdomo wazi, upepo ukipita. Kazi hiyo ilikuwa imeharibika kabla haijafungwa. Kwa msimu wa upepo, fungeni injini alfajiri, mmwage maji sakafuni, na kila silinda ifunikwe kwa nailoni hadi zamu yake ifike.

Kwenye krenki sina mengi. Isagwe kwa saizi ambayo beringi zake ziko mkononi, kona za jeno, yaani sehemu zinazokaa kwenye beringi, ziachwe na mviringo wake maana kona kali ndiko nyufa zinakoanzia, na nafasi ya oili ipimwe kwa uzi wa plastiki wakati wa kukaza. Kwa kawaida ni kama 0.05 kwa jeno ya milimita 50. Fundi anayesema anaisikia kwa mkono kwa kuzungusha krenki anasikia kama inabana tu. Kama imelegea kupita kiasi hawezi kuisikia.

Hedi inahitaji maneno zaidi, na hapo ndipo maji ya Dodoma yanapoingia.

Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi zipatazo 96, wakati thermostati nyingi hufunguka zikiwa 80 na kitu. Mfuniko wa rejeta wenye springi ya 0.9 ya baa unapofanya kazi sawasawa, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 117. Mfuniko huohuo ukiwa umekufa mpira, unarudi kwenye 96, na kila mlima unakuwa hatari. Ni kifaa cha bei ndogo kinachopandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20, lakini watu wanakibadilisha mwisho, wakishabadilisha rejeta, pampu na feni.

Halafu yapo maji yenyewe. Dodoma inaishi kwa visima. Chanzo kikubwa cha mji ni Makutupora, na kila mwenye birika anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani yake. Ukoko huo unajengeka vilevile kwenye kuta za silinda na njia za hedi, na unapitisha joto vibaya zaidi kuliko chuma. Injini iliyomiminiwa maji ya kisima kwa miaka inaweza kuonyesha geji ya joto iliyotulia huku eneo la karibu na vavu likiungua. Kwa hiyo bloku ikifunguliwa, plagi za maji zitolewe na ukoko usafishwe kwa dawa kabla ya kuchonga, kwa sababu bloku yenye ukoko inaweza kupinda upya ikipata moto. Baada ya hapo itumie kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini, au maji ya mvua yaliyokingwa safi, si ya bomba.

Na thermostati irudishwe. Desturi ya kuitoa eti nchi yetu ni ya joto imeenea hadi mtu anayeirudisha anaonekana mgeni wa kazi. Kwenye injini nyingi za Toyota thermostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Mchana gari litachemsha mlimani, na asubuhi za Julai, ambazo huku zina baridi kweli, litakimbia kilomita nyingi likiwa halijapata joto, ringi zikiliwa.

Hedi ya aluminiamu iliyochemsha hupinda. Kuchonga uso wake wa chini kunanyoosha uso huo tu. Mstari wa kemshafti juu unabaki umepinda. Weka kemshafti bila vavu, kaza kepi zake, uizungushe kwa vidole. Ikikwama, hedi inyooshwe kwanza kwa joto, ichongwe baadaye. Nyufa zitafutwe kwa kupima hedi kwa mgandamizo wa hewa ndani ya maji ya moto. Hedi za injini ya 1KZ zina sifa mbaya kwa nyufa kati ya vavu, na ufa ukiwa baridi hujificha. Kwa dizeli kuna jambo jingine linalorukwa mara kwa mara: pistoni huchomoza kidogo juu ya bloku, na injini kama 3L ya Hiace ina gasketi za unene tofauti kulingana na mchomozo huo. Kununua gasketi yoyote iliyopo dukani ni kubahatisha mgandamizo.

Sasa, injini gani inastahili taabu yote hii? Hapa natofautiana na mafundi wanaochukua kila kazi. Dizeli za bloku ya chuma, 1HZ, 3L, za Canter na Fuso, zilitengenezwa zifufuliwe. Ukizipa vipimo zinakurudishia miaka. Injini ndogo za petroli kama 1NZ na 2NZ, ambazo zimejaa mjini kwenye IST, ni habari nyingine. Bloku zao ni za aluminiamu zenye slivu nyembamba za chuma ambazo hazikukusudiwa kutobolewa. Kuna wanaozitoboa na kuingiza slivu nene. Kwa mashine kubwa iliyotulia inawezekana, lakini gharama inaikaribia injini iliyotumika kutoka Japani, na kwa gari la aina hiyo ningechukua ya Japani. Ningeipima mgandamizo kabla ya kulipa, ningefungua kifuniko cha vavu kutazama kama oili imeganda, na ningepeleka namba mpya TRA ili kadi ya gari iendane na injini.

Linabaki suala la watu. Injini moja hupita mikono mitatu: fundi aliyeishusha, karakana inayochonga, na duka la spea. Miaka ya themanini, spea zilipoadimika, mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya mtu mmoja au karakana moja ya shirika la umma, na aliyepima ndiye aliyefunga. Soko lilipofunguka kazi ikagawanyika, jambo ambalo lina faida zake, lakini vipimo vikakosa mwenyewe. Karakana inaandika kwenye risiti neno moja, boring, na bei. Mwenye gari anastahili zaidi: kipenyo cha kila silinda kabla na baada, kipenyo cha kila pistoni na namba yake, saizi ya krenki na beringi, unene uliotolewa kwenye hedi, na saini ya aliyepima. Karatasi hiyo haimgharimu mkerezaji dakika 20. Anayekataa kuiandika ama hakupima au hataki kuulizwa.

Injini ikishawaka, isiachwe ikinguruma papo hapo saa nzima kama wengi wanavyofanya. Ringi zinakaa kwa mzigo wa injini unaopanda na kushuka. Safari ya kwenda Mtera, kwa kushuka ukingo wa Fufu na kuupanda wakati wa kurudi, bila kulipakia gari shehena na bila kuganda kwenye mwendo mmoja, inafaa kuliko kuzunguka mjini. Oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500 na filta yake ikatwe kwa msumeno, karatasi ikunjuliwe juani. Chembe zinazoshikwa na sumaku zinatoka kwenye ringi, silinda au krenki. Zile za rangi ya shaba au kijivu zisizoshikwa ni za beringi. Vumbi la chuma kidogo ni la kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, hasa vya beringi, vinamaanisha irudishwe wiki hiyohiyo, krenki ikiwa bado inaweza kuokolewa kwa saizi moja zaidi na karatasi ya vipimo ikiwa bado ina mtu wa kuijibia.